Kanda za mzee na CD: nimesikiliza nyimbo zilezile pande zote mbili wiki 3, haya ndo niliyoyasikia

Wapenzi wa taarab na zilipendwa, hii nawaandikia nyie. Mwezi uliopita tulikuwa Tanga kupanga vitu vya marehemu mzee, nikatoka na boksi la kanda 64 ambazo ndugu zangu walishaamua zitupwe. Hoja yao ilikuwa moja tu, kwamba nyimbo zote hizo siku hizi zipo kwenye CD na sauti ya CD haina mpinzani, sasa makaseti ya nini tena, yamejaa vumbi na yanakula nafasi. Sikubishana nao maana kweli nyingi ninazo kwenye CD. Ila nikasema ngoja nizisikilize kwa masikio yangu mwenyewe, wimbo kwa wimbo, kanda huku CD huku, ndo nijue natupa nini.

Vyombo nilivyotumia ni vya kawaida kabisa. Deki ya mtumba ya vichwa viwili yenye Dolby B na C (mfumo wa kupunguza mvumo wa kanda), CD pleya ya kawaida, vyote vimeingia kwenye ampu moja, spika moja, na hedifoni za kusikilizia vitu vidogo vidogo usiku watu wamelala. Kitu kimoja nilikiangalia sana ni ukubwa wa sauti, nikahakikisha kanda na CD zinatoka sawa kabla ya kuhukumu, kwa sababu sikio linadanganyika vibaya, chochote kinachopiga juu kidogo unakiona kitamu kuliko mwenzake. Mabishano mengi ya hii mada yangekwisha kama watu wangefanya hilo tu.

Nimeanza na taarab ya kwetu Tanga, Black Star na Lucky Star. Mzee alikuwa nazo kwenye TDK D90, kanda tupu za dakika 90, alirekodiwa dukani kutoka kwenye santuri enzi hizo unapeleka kanda tupu na pesa kidogo unarudi kesho kuchukua. Mimi ninayo CD ya GlobeStyle, ile kampuni ya London iliyotoa nyimbo za makundi haya mwishoni mwa miaka ya 80. Jamani hapa hapana mjadala. Unaweka CD, unabonyeza, kunakuwa kimyaaa, alafu gitaa linaingia na unalisikia mpaka kidole kinavyoachia waya, besi ina umbo lake, mwimbaji unasikia anavuta pumzi kabla ya beti. Ukienda kwenye kanda cha kwanza kukupokea ni ule mvumo, shhhhh kama mvua ya mbali, juu yake mchakacho wa santuri yenyewe, alafu gitaa lipo ila limesogea nyuma, na mwimbaji akivuta herufi sauti inatetemeka kidogo kwa namna ambayo yeye hakutetema. Usiku ule wa kwanza kwakweli nilikaribia kuwapigia ndugu zangu niwaambie mko sawa tupeni.

Na sababu za hiyo tofauti zinaeleweka. CD inachukua kipimo cha sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kimeandikwa kwa biti 16, maana yake kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa una kama desibeli 96 za kuchezea, na trebo, yaani sauti za juu nyembamba, inafika kama kilohezi 20 ambazo ndo mwisho wa sikio la binadamu, tena la kijana, sisi wa miaka 50 tushapoteza nyingi. Kanda ya kawaida bila Dolby ina desibeli 50 na kidogo. Dolby B inapunguza mvumo kama desibeli 10 huko kwenye trebo, Dolby C kama 20, lakini bado hufiki kwenye CD. Alafu kuna suala la mwendo. Kanda inapita mbele ya kichwa, kile kinachosoma utepe, sentimita 4.76 tu kwa sekunde, wakati mashine kubwa za studio tepu yake inakimbia sentimita 38, mara 8 zaidi, na utepe wa kaseti upana wake haufiki hata milimita 4 na ndani ya hapo kuna njia nne, mbili za upande A mbili za upande B. Philips walipoitoa mwaka 1963 hata hawakuwa wanawaza muziki sana, ilikuwa ya kurekodia maneno. Ukijua hivyo unashangaa imewezaje kubeba orkesta nzima. CD yenyewe imeingia sokoni Japani Oktoba 1982, Philips na Sony waliishughulikia pamoja, na wao walikuwa wanajua kabisa wanataka muziki.

Basi usiku wa pili nikaenda kwenye taarab ya Mombasa na huko ndo mambo yaligeuka.

Mzee alikuwa na kanda za mwimbaji Juma Bhalo zilizotoka Mbwana Radio Service, duka la Mombasa ambalo kila mpenda taarab wa pwani analijua, zina karatasi yake iliyochapwa vizuri. Mimi za kwangu nilizinunua kwenye CD mwaka 2006 mjini hapa Dar, duka silitaji, karatasi yake ya jalada ni fotokopi ya rangi na ukiigeuza CD chini ina ule ukijani, yaani ni CD ya kuchomwa kwenye kompyuta sio ya kiwandani. Miaka yote hiyo nilikuwa naisikiliza kwenye gari na sikuwahi kuiwaza. Sasa nimevaa hedifoni, naiweka, na kitu cha kwanza kusikia ni shhhhh.

Hebu fikiria hapo. CD haina mvumo wake. Ukisikia mvumo wa kanda ndani ya CD ujue aliyeitengeneza alichukua kanda akaidabu, yaani akainakili, na hakuchukua kanda mpya, alichukua iliyochoka, inawezekana hata hiyo nayo ilikuwa nakala ya nakala. Alafu akaona mvumo unamuaibisha, akakata trebo. Ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ikawa kama inapigwa chumba cha pili mlango umefungwa, udi umebaki mdundo mdundo hauna waya, tari zile njuga zake hazipo kabisa. Na kwenye wimbo wa tatu kuna sehemu kanda ya huyo mtu ilikuwa imevutika, sauti inalegea inashuka alafu inapanda, sasa hiyo kasoro imegandishwa humo milele, kila ukipiga CD inalegea palepale. CD ilifanya kazi yake barabara, imehifadhi kwa uaminifu mkubwa kanda mbovu.

Kuna na zile nyingine mnazijua, CD moja nyimbo 120, "mkusanyiko wa taarab zote". CD ya muziki ya kawaida inabeba dakika 74, zile zilizojazwa sana 80, kwahiyo nyimbo 120 haziwezi kuingia mpaka zibanwe kuwa MP3, na zikibanwa sana ganuni na tari zinakuwa na sauti ya majimaji, kama mtu anapiga ala ndani ya ndoo. Mtu akinunua ile anasema nina CD. Anayo kweli ila sauti ya CD hana.

Nikatoa CD nikaweka kanda ya mzee nikiwa na hamu kubwa... na nayo ikatoka imefunikwa. Bora kidogo kuliko CD lakini imefunikwa. Nikasikitika sana, nikajua basi imeshajifia ndani ya boksi. Kesho yake nikaibeba deki na kanda mbili nikaenda kwa fundi mmoja mzee wa Kariakoo, yule hata hakuifungua mashine, aliondoa kile kifuniko cha mbele tu akachukua bisibisi ndogo kama ya saa, akaniambia sikiliza herufi S. Pembeni ya kichwa cha deki kuna skrubu mbili, moja imeshikilia na nyingine ina springi chini yake, ile ya springi ndo inalaza au kusimamisha kichwa. Kichwa kinatakiwa kikae wima kabisa dhidi ya utepe, kikiinama hata unywele tu trebo inakufa. Na kila kanda ilirekodiwa na mashine yake, kwahiyo kichwa kilichokaa sawa kwa kanda moja kinaweza kuwa kimepinda kwa nyingine.

Akaweka ampu kwenye mono, yaani kushoto na kulia vimeunganishwa, kwa sababu kwenye mono kasoro hiyo inasikika zaidi, akaanza kuzungusha taratibu, robo ya robo ya mzunguko. Ndugu zangu sijui niwaelezeje. Ilikuwa kama mtu anafungua dirisha. Ganuni ikatokea. Mwanzo kama vumbi la sauti, alafu waya mmoja mmoja, njuga za tari zikarudi, na Bhalo akawa anatamka maneno mpaka unasikia ulimi unavyogusa meno. Kanda ileile, deki ileile. Yule fundi akasafisha na kichwa kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka kahawia kama chai ya rangi, na kile kigurudumu cha mpira kinachovuta kanda nacho akakisugua, ndo mtetemo wa sauti ukapungua pia. Alinichaji elfu 10 na nilitaka kumpa hamsini.

Niliporudi nyumbani nikazipambanisha tena, kanda ya Mombasa na CD yangu ya 2006, sauti zikiwa sawa kwa ukubwa. Kanda imeishinda ile CD vibaya sana, hata mke wangu ambaye hana habari na haya mambo alikuwa anapita akauliza mbona huu wimbo leo unasikika hivyo. Mvumo upo, siukatai, lakini baada ya dakika moja sikio linauacha, linafuata muziki. Trebo iliyokatwa sikio haliwezi kuirudisha.

Kwahiyo ninachosema mimi ni hiki, huku kwetu mabishano ya kanda na CD tumeyafanya kwa vitu visivyo vyenyewe. Wanaoidharau kanda wengi waliisikia kwenye redio ambayo kichwa chake hakijawahi kusafishwa tangu kinunuliwe, betri zinaisha mwimbaji analewa, kanda yenyewe ilidabiwa kwa dabo deki kwenye ile kasi ya haraka inayonyonya trebo. Na wanaosema CD haina ladha wengi walisikia hizo za kuchomwa kutoka kwenye kanda mbovu. Chombo kwa chombo CD ni bora, naandika bila kusita. Lakini muziki wetu mwingi wa pwani haukuwahi kutolewa kwenye CD ya maana kutoka masta (rekodi mama ya studio), ulitolewa kwenye kanda, na kanda nzuri ya toleo la kwanza ndo kitu kilicho karibu zaidi na siku ile waliyorekodi. Kuitupa kwa sababu "ipo kwenye CD" wakati hiyo CD ni mtoto wa kanda hiyohiyo, tena mtoto wa njia ndefu, inaniuma roho.

Watu husema kanda ina joto. Nimelifikiria hili. Ni kweli ukiipakia kanda sauti kubwa haipasuki ghafla, inajibana taratibu, inakuwa nene, na kwa sauti ya mtu na udi inapendeza sana, naipenda na sioni aibu. CD ikifika juu kabisa hapo ndo mwisho, kilichozidi kinakatwa bapa na kinakwaruza masikio. Ila ule unene haukuwepo ukumbini, kanda imeuongeza. Kama unataka kusikia kilichopigwa, kanda inakuongezea chumvi. Kama unataka kufurahi, chumvi sio dhambi.

Nilijaribu na kitu kipya kidogo, albamu moja ya bongo fleva ya mwaka 2003 ambayo ninayo kanda na CD zote original. CD imeshinda, besi inashuka mpaka kiti kinahisi na kick (ngoma kubwa ya chini) iko kavu, kwenye kanda imelainika kama ngoma iliyolowa. Nyimbo mbili tu kwenye CD zilikuwa zimepandishwa sauti kupita kiasi mpaka kick imebanwa haina pigo, kwenye kanda nyimbo hizohizo zinavumilika zaidi. Hilo ni la aliyefanya masta, CD yenyewe haina kosa. Kwa nai (filimbi) na fidla pia CD iko mbele, noti ndefu ya nai inanyooka kama mstari wa rula, kwenye kanda ina wimbi hata deki ikiwa nzima. Kinanda cha kwaya ndo usiseme, huko wimbi la kanda linasikika kuliko mahali popote.

Dolby nayo inachanganya watu. Kama kanda ilirekodiwa bila Dolby na wewe umewasha, inafunikwa. Kama ilirekodiwa na Dolby B na umezima, inakuwa kali na mvumo unaongezeka, na wengi tulikuwa tunapenda hivyo tukidhani ndo sauti safi. Mzee yeye alikuwa anaandika kwa penseli kwenye karatasi ya ndani, "D" kama kuna Dolby, na aina ya kanda. Kanda zake mbili za daraja la chrome (Type II), TDK SA, alizozirekodi mwenyewe kutoka redioni kwa deki ya rafiki yake, hizo zimenishangaza, ukiweka Dolby sawasawa mvumo ni mdogo mpaka inabidi uutafute. Angekuwa hai ningempigia simu usiku uleule.

Kuhusu kudumu, pwani yetu haina huruma kwa chochote. Kanda 9 kati ya 64 zilikuwa na ukungu mweupe kwenye ukingo wa utepe, hizo usithubutu kuziweka kwenye deki, zinachafua kichwa na zinaambukiza nyingine. Mbili zilikuwa C120, za dakika 120, utepe wake ni mwembamba mno, moja imejikunja ndani ya deki hapohapo ikaliwa, nikaiokoa na kalamu ya Bic lakini sehemu ile imeshaumia. Za dakika 60 zote ziko salama, utepe wake ni mnene zaidi. Nyingine ukisikiliza kimya cha kabla ya wimbo unasikia mwimbaji kwa mbaaali kabla hajaanza, ni utepe uliokaa umebanwa miaka mingi, tabaka moja limeiachia alama jirani yake. CD za kiwandani nilizonazo tangu miaka ya 90 zinapiga zote. Za kuchomwa, nilikuwa na 20, nne hazisomeki kabisa na hazina hata mkwaruzo, wino wake wa ndani umeshafifia, nadhani ni jua la kwenye dashibodi. Na mkwaruzo wa upande wa juu wenye picha ni mbaya kuliko wa chini, wengi hawajui, ile tabaka inayong'aa iko karibu na juu. Ukiifuta, futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.

Kwa hiyo kama una kanda nyumbani, kabla hujazipeleka popote tafuta fundi anayejua ile skrubu, aweke alama mahali ilipokuwa ndo aiguse, na bisibisi isiwe na sumaku. Ukizihamisha kwenye kompyuta rekodi kwa kipimo cha CD au zaidi, na nakala ya kwanza usiisafishe mvumo hata kidogo, iache kama ilivyo, maana teknolojia ya kusafisha kila mwaka inakuwa bora ila trebo uliyoikata leo haina kwa kuipata.

Kanda ya 64, ya mwisho kabisa kwenye boksi, haikuwa na jina. Ni ya 1987. Upande A bibi yangu anamsalimia mjomba aliyekuwa Muscat, zile barua za kaseti, anataja kila mtu wa mtaani, nani kaoa, nani kafariki, mvua, bei ya sukari. Upande B mjomba anajibu na kuirudisha kanda ileile. Fundi aliirekebishia kichwa mara mbili kwa sababu walirekodi na redio mbili tofauti, moja Tanga moja Muscat. Upande wa bibi nilikuwa nasikia sauti ya mwanamke mzee tu, alipozungusha ile skrubu nikasikia bangili zake. Na jogoo nje.

Nimechoma CD tano za kanda hiyo kwa kasi ndogo, nimewapa ndugu zangu wote. Shangazi yangu wa Tanga akanirudishia yake kwa heshima zote, anasema mwanangu hii nzuri na inasikika safi, lakini redio yangu ya CD nikizima nikiwasha inaanza upya, kanda naizima bibi yako akiwa katikati ya neno, kesho nikiwasha anaendelea palepale. Anataka ya kanda. Jumamosi naenda kutafuta kanda tupu ya dakika 60.